Ushauri: endometriosisi hufuata damu ya ukoo? Nataka jibu kabla ya Ijumaa

Bint Langoni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, nina miaka 31, ndoa yangu yaenda mwaka wa saba na sijashika mimba. Tangu darasa la nane siku zangu zikifika nalala sakafuni nimejikunja. Bibi akinikanda tumbo na kuniambia ni chango, nikiolewa litaondoka. Halikuondoka. Mwaka juzi nilipasuliwa Mombasa kwa yale matundu madogo, wakakuta endometriosisi: vinyama kama vya ukuta wa ndani wa mji wa mimba vimeota nje yake, na ovari moja imegandana na utumbo. Mamangu alinipata mimi peke yangu. Dada yake wa pekee, mama mkubwa, hakupata mtoto kabisa.

Swali langu ni moja tu. Maradhi haya yamo kwenye damu? Na mwanamke mwingine wa ukoo wetu, ambaye hajaolewa, aweza kuwa nayo? Kuna kipimo?

Mama Wawili:
Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Mimi nilikaa miaka tisa. Nilikunywa habasoda, nilifungwa tumbo, nilipelekwa hadi Tanga kwa mama mmoja wa mizizi. Mavyaa wangu alikuwa akihesabu pedi zangu kwenye ndoo! Mtoto wa kwanza alikuja nilipokuwa nimeshaacha kuhesabu siku. Usikate tamaa.

Kijana wa Mokowe:
Ijumaa kuna nini dada? Kama ni walima, boti yangu haina abiria siku hiyo.

Mkunga Mstaafu:
Kijana, si mahali pake.
Bint, nikujibu. Ndiyo, hufuata ukoo, lakini si kama watu wanavyodhani. Hakuna jeni moja la endometriosisi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 60,000 wenye maradhi haya, ukaonyesha sehemu 42 za vinasaba zinazohusika, na kila moja huchangia kidogo tu. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu yatokana na urithi. Mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari kubwa kuliko mwingine, na bado wengi wao hawaugui. Usichanganye na selimundu, ambayo huku pwani twaijua: ile ni jeni moja, mtoto akirithi kwa baba na kwa mama anaugua. Hii haiendi hivyo.
Kipimo cha damu au mate cha kukwambia fulani atakuwa tasa, hakipo. Na wengi wenye endometriosisi huzaa.
Sasa nami nakuuliza alivyouliza huyo kijana. Ijumaa kuna nini?

Bint Langoni:
Mavyaa anakuja kutoka Malindi na wazee wake kupeleka posa. Mume wangu anaongezewa mke. Huyo mke ni binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Nataka mavyaa ajue kuwa maradhi yamo kwenye ukoo wetu, asije akamharibia mwanawe mara mbili. Sitasema uongo. Nyinyi wenyewe mmesema hufuata damu.

Abu Nasra:
Dada yangu, kwenye posa mtu akiulizwa aibu ya mposwa aruhusiwa kusema la kweli kwa nasaha. Lakini nia iangalie. Unasema kwa ajili ya mavyaa, au kwa ajili ya moyo wako? Subira ya mke mkubwa ina ujira mkubwa.

Mama Wawili:
Abu Nasra, hilo la subira waambie na waume. Mimi wangu alileta wa pili nikiwa bado kwenye dawa. Nilijifungia chumbani siku tatu na kanga moja.

Msomaji wa Malindi:
Samahanini, mimi hadithi hii siiamini. Someni tena juu. Mama mkubwa ndiye dada wa pekee, na *hakupata mtoto kabisa*. Huyu binamu katoka wapi? Mtu anatunga hapa, na watu wamemwaga machozi yao bure.

Kijana wa Mokowe:
Ewallah! Hata mimi nilipita hapo nisione.

Bint Langoni:
Situngi. Mama mkubwa alimlea. Ni mtoto wa shemeji yake, kaka wa mumewe, aliletwa akiwa wa miezi mitatu mamake alipofariki. Lamu kila mtu ajua. Mavyaa ni mtu wa Malindi, hajui.

Mkunga Mstaafu:
Basi damu yenu hanayo hata tone. Nawe wajua.

Bint Langoni:
Najua. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, ndiye aliyenishika mkono niliporudi Mombasa na nyuzi tumboni. Juzi aliniuliza, "Umeridhika kweli?" Nikamwambia nimeridhika. Mlitaka nimwambie nini?

Msomaji wa Malindi:
Nimekosa, nisamehe.

Mkunga Mstaafu:
Nikuulize la mwisho. Mumeo amepimwa?

Bint Langoni:
Hapana. Mavyaa alisema mwanawe ni mzima, ukoo wao wanazaa mapacha. Mimi ndiye niliyepasuliwa, kwa hivyo ikaonekana imekwisha.

Mkunga Mstaafu:
Haijakwisha. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo la mume limo, peke yake au pamoja na la mke. Na ukiwa bado unameza vile vidonge vya homoni vya maumivu, jua kuwa vinazuia yai kutoka. Vinatuliza, havileti mimba. Mwulize daktari kuhusu hilo.

Bint Langoni:
Nilivimeza mwaka mzima. Hakuna aliyenieleza.
Baada ya Isha nitamwambia mume wangu. Akikubali, tunafanyaje?

Mkunga Mstaafu:
Ajizuie siku mbili hadi saba kabla. Na atoe palepale hospitali, maana mbegu zatakiwa zifike maabara ndani ya saa moja. Msizibebe kwenye boti.