Kulainisha ufyatuaji wa bunduki ya upepo ya springi: HW80 yenye mlio na mtetemo

Mlenga wa Leicester aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimenunua mkononi bunduki ya upepo aina ya Weihrauch HW80 ya kipenyo cha milimita 5.5, ile inayokokiwa kwa kukunja mtutu, kutoka kwa mzee mmoja aliyeacha mchezo wa shabaha. Chuma chake ni kizima, kitako hakina ufa, na kifyatuo chake cha Rekord ni kizuri kuliko nilivyotarajia kwa bunduki ya umri wake. Tatizo ni tabia yake inapofyatuka. Springi hulia kwa muda baada ya risasi kwisha kutoka, kitako hutetemeka shavuni, na darubini niliyoifunga husogea nyuma taratibu kwenye reli mpaka nikalazimika kuchora alama ya penseli ili nijue imesogea kiasi gani.

Sitafuti nguvu zaidi, kwa kuwa ninafahamu sheria ya hapa. Ninachotaka ni bunduki inayofyatuka kwa utulivu. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa magari, amenishauri niifungue na kuijaza grisi ya bearingi, akisema mlio wote utakwisha siku hiyohiyo. Je, ushauri huo ni sahihi? Na je, kazi hii inaweza kufanyika juu ya meza ya nyumbani na mtu asiye na mashine ya kereza?

Babu Shabaha alijibu:

Ndugu Mlenga, kabla hujafungua chochote, maliza kwanza mambo yaliyo nje. Kaza skrubu za kitako, hasa zile mbili za mbele, kwa sababu bunduki ya springi hujitikisa yenyewe na kuzilegeza, na skrubu iliyolegea nusu mzunguko tu inatosha kutawanya matundu kwenye karatasi. Kisha kata kipande chembamba cha karatasi ya chooni, kilaze juu ya mahali mtutu unapokutana na silinda, na ufyatue bunduki ikiwa na risasi, ukiielekeza mahali salama. Karatasi ikipeperuka, sili ya mtutu, yaani kipete kinachozuia hewa isitoke hapo, inavuja na inafaa kubadilishwa. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo.

Kuhusu darubini, usiendelee kukaza vishikio vyake mpaka ukaliminya bomba. Pistoni, yaani kipande kinachosukumwa na springi ndani ya silinda ili kubana hewa, inapokwenda mbele, bunduki nzima husukumwa nyuma, na pistoni inaposimama ghafla, bunduki hurushwa mbele. Darubini, kwa uzito wake, hubaki nyuma katika mrusho huo wa pili, ndiyo maana inasogea kuelekea jichoni mwako. Tafuta kishikio chenye pini ya kuzuia inayoingia katika tundu lililotobolewa juu ya silinda, na uhakikishe darubini yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya bunduki za springi, kwa maana hata darubini za bunduki kubwa za baruti huharibika kwa mtikisiko huu wa pande mbili.

Jambo la mwisho ni mshiko. Risasi bado imo ndani ya mtutu wakati misukosuko hiyo yote inaendelea, kwa hiyo ukiikamata bunduki kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, itapiga mahali pawili tofauti. Iache ilale juu ya kiganja kilichofunguliwa, na uishike kwa namna ileile kila mara.

Fundi wa Benchi alijibu:

Nakubaliana na Babu Shabaha katika yote. Ukishayafanya hayo na mlio ukabaki, sasa ndipo unapofungua. Nianze na grisi ya bearingi: hapana. Mlio unaousikia hautokani na ukavu wa springi, bali unatokana na nafasi tupu iliyopo kati ya springi na vitu vinavyoizunguka. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake hudundishwa na hewa iliyobanwa mbele yake, hurudi nyuma kidogo, kisha hutulia. Springi ambayo haijashikwa vizuri kwa ndani wala kwa nje huendelea kucheza, ikigonga kiongozi chake (bomba lililo ndani yake) upande mmoja na ukuta wa pistoni upande mwingine. Grisi nyingi hunyamazisha kelele hiyo kwa kujaza nafasi, lakini sehemu yake hupenya hadi mbele ya pistoni, na hewa inapobanwa kwa ghafla hupata joto la kutosha kuiwasha. Utaona moshi mdomoni mwa mtutu, utasikia mlipuko badala ya mpigo mkavu, kasi itapanda na kushuka bila mpangilio, na sili na springi zitachakaa kabla ya wakati. Ulaini hutokana na vipimo kukaana vizuri, na grisi hufuata baadaye kwa uchache.

Kuifungua kunawezekana nyumbani, ila kuna hatari ambayo si ya kuchezea, kwa sababu springi imebanwa hata pale ambapo bunduki haijakokiwa. Hakikisha kwanza haina risasi na haijakokiwa, kisha toa kitako. Kifyatuo cha Rekord kimeshikwa na pini mbili tu, nazo husukumwa nje kwa chuma chembamba. Mara kifyatuo kinapotoka, kitufe cha usalama hukosa kizuizi na husukumwa nje na kispringi chake kidogo, hivyo weka kidole gumba juu yake tangu mwanzo, la sivyo utakitafuta chini ya kabati. Kifuniko cha nyuma cha HW80 kimefungwa kwa nyuzi, na hii ni faida kubwa, maana mkazo hupungua polepole unapokizungusha. Lakini nyuzi huisha kabla ya mkazo kuisha. Kwa mizunguko ya mwisho, bunduki iwe imebanwa katika kifaa maalumu cha kubania springi, au angalau katika fremu ya mbao yenye parafujo ndefu, na uso wako usiwe nyuma ya kifuniko hata kwa sekunde moja. Baada ya hapo, ondoa bolti ya bawaba ya mtutu ili mkono wa kukokia uachane na pistoni, nayo pistoni itateleza nje. Pembeni mwa bawaba kuna washa nyembamba, yaani vipete bapa vya chuma. Kila moja irudi upande ilikotoka.

Safisha kila kitu, kisha viringisha springi juu ya kioo bapa. Ikiyumba, imepinda na haitanyamaza kwa dawa yoyote. Angalia pia ncha zake: zinapaswa kuwa bapa na laini, kwa sababu springi inapobanwa hujizungusha, na ncha yenye makali hukwaruza kile inachokalia badala ya kuteleza. Ncha hizo zisugue kwa msasa namba 600 uliolazwa juu ya kioo, kisha uziweke juu ya washa ya chuma iliyong'arishwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Kiongozi ni bomba fupi linaloingia ndani ya springi kutokea nyuma na kuizuia isipinde. Mara nyingi kile cha kiwandani hulegea. Kiongozi kizuri, ambacho mafundi wengi hukichonga kwa plastiki ngumu ya Delrin, huingia kwa kusukumwa na kuzungushwa kwa mkono, na ukiinua springi hakidondoki. Huna haja ya mashine ya kereza. Hapo Uingereza wapo wachongaji wanaouza seti kamili kwa ajili ya HW80, yaani springi, kiongozi, na kofia ya kukaa ndani ya pistoni upande wa mbele. Nunua iliyopimwa kwa ajili ya kikomo cha nguvu kilichowekwa na sheria ya huko, usinunue ya nguvu kamili ukitarajia kuikata. Springi iliyokatwa inapaswa kuchomwa nchani ili ipindwe na kuwa bapa, na joto likipanda sana mizunguko ya mwisho hupoteza ugumu wake.

Upande wa mbele ni sili ya pistoni. Kabla ya kuirudisha, pitisha kidole kwa uangalifu kwenye kingo za mfereji ule mrefu wa silinda anamopita mkono wa kukokia. Ukihisi makali, yaondoe kwa kijiwe cha kunolea na msasa, kwa kuwa kingo hizo ndizo hukata sili mpya inapopita, na mtu hulaumu sili wakati kisu kilikuwa ndani ya silinda. Ili kujua kama sili inakaa sawasawa, ingiza pistoni bila springi, ziba kwa kidole tundu dogo la kupitishia hewa, na uisukume. Inapaswa kupinga, na ukiiachia irudi yenyewe. Ikisonga mbele bila kupinga, hewa inavuja. Ikihitaji kusukumwa kwa nguvu hata pale ambapo tundu halijazibwa, sili ni nene mno na inahitaji kusuguliwa kwa msasa, kidogo na kwa usawa kuizunguka.

Vilainisho ni viwili tu. Cha kwanza ni pasti ya molibdenamu disulfidi, ambayo hupakwa kwa kusuguliwa mpaka ibaki rangi tu kwenye sketi ya pistoni (ukingo wake wa nyuma), kwenye ukingo wa sili na kwenye bawaba. Uso wa mbele wa sili ubaki mkavu kabisa. Cha pili ni grisi nzito ya kunata iliyotengenezwa kwa ajili ya springi, nayo hupakwa utando mwembamba juu ya springi peke yake.

Mkazi wa Hamburg alijibu:

Fundi ameeleza vyema, lakini mimi ningeiacha kabisa hiyo grisi ya kunata. Katika baridi huwa nzito na kupunguza kasi, na katika joto hulainika, kwa hiyo bunduki iliyorekebishwa Januari haipigi vilevile Julai. Kiongozi kikikaa vizuri, grisi hiyo haina kazi.

Nawakumbusha pia walioko huku Ujerumani kwamba mambo ni tofauti. Bunduki inayouzwa kwa mtu mzima bila kibali hubeba herufi F ndani ya pembetano, na nguvu yake haizidi juli 7.5 (juli ni kipimo cha nishati). HW80 yenye alama hiyo ina springi dhaifu zaidi, na kuiwekea springi ya Uingereza ni kosa la jinai, si marekebisho.

Mlenga wa Leicester aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimekaza skrubu, na jaribio la karatasi limeonyesha kuwa sili ya mtutu iko sawa. Mlio umebaki uleule, kwa hiyo nitaagiza seti. Nina maswali mawili. Nitajuaje kwamba sijavuka kikomo baada ya kuifunga? Na nimesikia kuwa baadhi ya watu huweka plastiki ya chupa ya maziwa ndani ya pistoni. Je, huo ni utani?

Fundi wa Benchi alijibu:

Mwenzangu wa Hamburg ana hoja kuhusu baridi, nami nimesema utando mwembamba. Anayeweza kuiacha na aiache, ila katika HW80, ambayo pistoni yake ni kubwa na nzito, mimi bado naona inasaidia.

Kuhusu kikomo: katika Uingereza na Wales bunduki ndefu ya upepo haitakiwi kuzidi futi-pauni 12, ambazo ni takriban juli 16.27. Ikizidi hapo, inahesabiwa kuwa silaha inayohitaji cheti, na kutokujua si utetezi. Walioko Uskoti wanahitaji leseni hata chini ya kiwango hicho tangu tarehe 31 Desemba 2016. Kwa hiyo kipima mwendo cha risasi si anasa katika kazi hii. Kama huna, azima kwenye klabu. Chukua uzito wa risasi kwa kilo, zidisha kwa kasi ya mita kwa sekunde iliyozidishwa kwa yenyewe, kisha gawa kwa mbili. Risasi ya gramu 0.93 ikienda mita 187 kwa sekunde, umeshafika ukingoni. Ikienda mita 182 unapata kama juli 15.4, na hapo ndipo ningekaa, kwa sababu risasi moja hutofautiana na nyingine, na polisi wakiipima watatumia risasi wanazotaka wao. Usipime siku ya kwanza ukaamini, kwani mabaki ya mafuta huungua na kupandisha kasi. Piga mpaka moshi uishe na kasi itulie. Ikibaki juu, ifungue upunguze washa zinazoongeza mkazo wa springi, na usiitumie mpaka iwe imeshuka.

Plastiki ya chupa si utani. Kata kipande cha mstatili kinachozunguka ukuta wa ndani wa pistoni mara moja, kingo zake zikikutana bila kupandana, na urefu wake uishie ndani ya pistoni bila kuchomoza nyuma. Lakini kumbuka kwamba springi inapobanwa hutanuka kidogo kwa upana. Ukiweka plastiki nene ikawa imeibana springi ilipolegea, itaikwamisha itakapokokiwa, na utaisikia ikikwaruza. Springi iingie na kutoka kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, tafuta chupa nyembamba zaidi. Na wakati wa kujaribu, usifyatue bila risasi, wala usiguse kifyatuo mtutu ukiwa umekunjwa, maana mtutu hurudi juu kwa nguvu inayotosha kuvunja vidole na kupinda mtutu wenyewe.