Mjadala: Je, Kabul iukubali mpaka wa Durand ili njia ya Khyber ipumue?

Kasulu_Boy: Wakuu, Pakistan na Afghanistan zikikorofishana, geti la mpakani la Torkham hufungwa na njia ya Khyber, ile barabara ya milimani inayoziunganisha, inakufa. Mpaka ni wa 1893, walikubaliana Mwingereza Mortimer Durand na Amiri Abdur Rahman wa Afghanistan. Tangu Pakistan izaliwe 1947, hakuna serikali ya Kabul iliyoutambua, hata Taliban. Mimi nasema waukubali, yaishe.

Nungwi77: Wakubali nini? Mkataba ulikuwa wa miaka mia, ulishakufa 1993.

Mzee Kipara: Kijana, hiyo miaka mia haimo kabisa kwenye mkataba. Soma kwanza. Sisi Waafrika tulilimaliza hili kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo 1964: mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo. Wapashtuni, watu waliogawanywa na mpaka wa Durand, nao wafanye hivyo.

BintiMandera: Tulilimaliza wewe na nani, mzee? Somalia ilikataa, Morocco ikakataa. Kwetu wakati huo ni vita vya Shifta, Wasomali wa kaskazini mwa Kenya wakitaka kuwa Somalia. Ukoo mmoja, nusu Mandera ya Kenya, nusu Bula Hawa ya Somalia. Usituhesabie ridhaa tusiyoitoa.

Mzee Kipara: Binti, Mandera sijaitaja.

BintiMandera: Umesema Waafrika. Mimi nani?

Nungwi77: Na Amin 1978 alipoitwaa Kagera, Cairo ilimzuia?

Mzee Kipara: Tulimtoa sisi! Na dunia ilijua mpaka uko wapi kwa sababu ya Cairo hiyohiyo unayoidharau. Kuna watu walizikwa kwa ajili ya mpaka ule, chunga mdomo.

Kasulu_Boy: Jamani, Khyber.

Nungwi77: Khyber yenyewe iko ndani ya Pakistan, Landi Kotal na kote huko. Mpaka ni Torkham. Kabul wakitia saini kesho, ufunguo bado uko Islamabad. Mwishoni mwa 2011 waliwafungia NATO wenyewe, misafara ya mizigo ya majeshi ya Magharibi yaliyokuwa Afghanistan, kama miezi saba.

Suka_Tunduma: Nyie mnabishana historia, zabibu na makomamanga ya watu yanaozea kwenye foleni Torkham. Mimi nyanya zimeshaniozea mpakani. Tajiri haulizi nani kachora mpaka, anadai hela yake. Geti liwe wazi, mengine baadaye.

BintiMandera: Kaka, pole kwa mzigo. Lakini "baadaye" hiyo tumeahidiwa tangu uhuru wa Kenya 1963. Hadi 2016 Wapashtuni wengi walipita Torkham bila pasipoti wala viza. 2017 ukaanza kujengwa uzio. Warudishiwe kwanza ruhusa ya kwenda kuzika ndugu zao ng'ambo, ndipo muwaambie wakubali.