Niliingia tukiwa 8, sasa tuko 60. Nikae au nisepe?

Mdau_Kimya:
Wakuu habari zenu, niko kampuni moja ya teknolojia jina nalihifadhi, niliingia tukiwa watu 8 meza moja, ukitaka kubadilisha kitu unageuka tu unamwambia mwenzio mnakubaliana kinaenda hewani siku hiyohiyo. Saa hizi tuko 60 na kubadilisha kibatani kimoja lazima kikao, fomu, halafu kikao cha kuijadili ile fomu. Wameniletea na meneja, mtu poa sina ugomvi naye, ila mfumo haujui kabisa, seva ikianguka saa nane usiku simu inapigwa kwangu. Na nasikia wanaoingia sasa hivi wananizidi mshahara. Hivi nimechoka mimi au ndo kukua kwenyewe?

fundi_seva:
Vikao usimlaumu mtu mkuu, hiyo ni hesabu tu. Watu 8 mna jozi 28 za watu wa kuelewana, 60 zinafika 1,770, mkiendelea kwa kugeuziana viti mtavunja mfumo kila wiki. Kwa hiyo fomu zina kazi yake (kikao cha kujadili fomu hapana, huo ni ugonjwa).
Ila hiyo simu ya saa nane umejifunga mwenyewe. Unaamka unarekebisha kimyakimya, asubuhi kila mtu anakuta mambo shwari, nani atajua kuna shida? Andika yote yaliyo kichwani mwako, ikianguka hivi fanya hivi, halafu dai zamu, watu wanne au watano kila mtu na wiki yake. Wiki za kwanza watakupigia tu, we vumilia.

Mzee wa Logi:
Kabla hujasepa, ulipewa hisa? Soma mkataba wako leo. Mara nyingi zinaiva, yaani zinakuwa zako kabisa, kidogokidogo kwa miaka 4, na kama ulichopewa ni haki ya kununua tu, ukiondoka kuna kampuni zinakupa siku 90 uzinunue la sivyo zinapotea. Mimi niliandika barua kwa hasira ndo nikaja kusoma hicho kipengele, hela ya kuzinunua sina, zikayeyuka hivihivi naziangalia.

binti_kodi:
Mi naona unaililia ile meza tu kaka, na hairudi. La mshahara ndo la kusemea. Wageni wanalipwa bei ya soko la leo, wewe uko na bei ya siku ulioingia, na hakuna atakayekukumbuka ukinyamaza. Nenda na orodha ya vitu unavyovibeba peke yako, usiende na manung'uniko.

Mdau_Kimya:
Asanteni sana. Mzee umeniokoa, nimefungua mkataba, zangu zimebaki miezi mitano ziive zote, kwa hiyo hatoki mtu hapa. La zamu nimeshamwambia meneja leo asubuhi, kafurahi kweli, kasema nijaze fomu.