Mwandishi wa habari za anga: aandike leo, au asubiri wengine wapime tena?

Mpiga Darubini (mwanzisha mada)
Wakuu, jambo hili limenikaa rohoni. Aprili 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ikiongozwa na Nikku Madhusudhan, ilitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona kwenye angahewa ya K2-18b, sayari iliyo mbali nje ya mfumo wetu wa jua, dalili za dimethili salfaidi au gesi ndugu yake. Hapa duniani gesi hiyo hutokana zaidi na vijimea vya baharini. Wenyewe walisema wamefika sigma tatu, yaani kipimo cha jinsi alama isivyo ya bahati tu, na kwamba ugunduzi huitwa ugunduzi ukifika sigma tano. Asubuhi yake redio moja ikatangaza: "Uhai wapatikana nje ya dunia." Baba yangu, mwalimu mstaafu, akanipigia simu sauti ikimtetemeka kwa furaha. Ikabidi niwe mimi wa kumwambia bado. Sasa naomba maoni: mwandishi aitoe habari ya namna hii siku ileile, au asubiri?

Dawati Moja
Mimi ni mwandishi. Ofisini kwetu dawati la sayansi ni mtu mmoja, ambaye pia anaandika kilimo, afya na hali ya hewa. Habari inafika saa nne, mhariri anaitaka saa sita. Nikisubiri miezi sita wengine wapime, msomaji ameshaipata kwa shangazi yake kwenye kundi la familia, tena ikiwa na picha ya kiumbe mwenye macho makubwa. Bora aipate kwangu.

Mwana wa Kilosa
Tatizo ni nyinyi kuogopa. Jamaa wana uhakika wa asilimia 99.7 kwamba kule kuna viumbe. Mnataka asilimia ngapi tena?

Ticha wa Fizikia
Hapana, ndugu. Soma vizuri. Sigma tatu inasema hivi: kama gesi ile haipo, uwezekano wa kelele za vipimo kuiga alama kama hiyo kwa bahati tu ni kama 3 katika 1,000. Haisemi lolote kuhusu viumbe. Kwanza gesi yenyewe iwepo, kisha iwe haikutengenezwa na kemia ya kawaida. Na gesi hiyohiyo imeshakutwa kwenye nyotamkia 67P, ile iliyotembelewa na chombo Rosetta. Huko ni barafu na vumbi tu, hakuna anayeishi.

Mwana wa Kilosa
"Soma vizuri" unamwambia nani? Mimi nimesoma. Walimu wa fizikia ndio mliotufanya tulichukie somo kwa maneno ya namna hiyo.

Ticha wa Fizikia
Nimekukosea kwa neno hilo, niwie radhi. Lakini hesabu inabaki palepale.

Mwana wa Kilosa
Radhi nimepokea. Ila haya mambo Kiswahili hakiyawezi. Sigma, dimethili nini sijui. Tuwaachie wenye lugha zao, sisi tutangaze bei ya mahindi.

Kisura wa Ngomeni
Hapo umenigusa pabaya, kaka. Mimi kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei pekee. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Neno la Kiswahili! Vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia watu kuamini kwamba Cygnus X-1, chanzo kikali cha mionzi hiyo angani, ni shimo jeusi. Leo uniambie lugha hii ni ya bei ya mahindi?

Mwana wa Kilosa
Jina tu, dada. Roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulichangia ufuko.

Kisura wa Ngomeni
Na vijana wetu waliofanya kazi pale je? Usizungumzie ufuko usioujua.

Bwana Shamba
Kwani wazee walikuwa na sigma? Walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kundi la nyota. Hiyo ni habari ya anga, imetangazwa kwa Kiswahili safi, na watu wakalima kwa kuifuata. Mabaharia nao walikuwa na Zuhura, Mirihi, Mshtari, Zohali. Maneno yapo.

Mwana wa Kilosa
Yapo wapi? Kitabu changu cha shule ya msingi kiliita sayari ya kwanza Zebaki na ya tisa Utaridi. Nikamsomea babu wa Pemba jirani yetu, akanicheka mpaka akakaa chini.

Bwana Shamba
Babu alikuwa sahihi. Utaridi ndiyo ya kwanza, ile iliyo karibu na jua. Zebaki ni madini ya kwenye kipimajoto. Hiyo ya tisa, Pluto, imegunduliwa 1930, baharia wa zamani angeipa jina gani na hajapata kuiona? Vivyo hivyo Kausi, watu wameibandika kwa Neptuni, kumbe Kausi ni kundi la nyota la Mshale. Neptuni yenyewe imejulikana 1846.

Ticha wa Fizikia
Na Pluto si ya tisa tena. Iliondolewa kwenye hesabu ya sayari kubwa Agosti 2006, Prague.

Fundi Saa
Hilo la Pluto sijawahi kulikubali. Watu mia nne wamekaa ukumbini wakanyoosha mikono, nasi tukabadilishiwa dunia.

Ticha wa Fizikia
Dunia haikubadilika, Fundi. Waliona vitu vingine vya ukubwa wake huko mbali, mfano Eris. Ama vyote viwe sayari, ama Pluto itoke pamoja navyo.

Fundi Saa
Basi vyote viwe.

Mpiga Darubini
Wakuu, nawaomba turudi kwa mwandishi. Tukumbuke Septemba 2020: fosfini, gesi nyingine iliyodhaniwa kuwa dalili ya uhai, kwenye mawingu ya Zuhura, timu ya Jane Greaves. Ilianza na sehemu 20 kwa kila bilioni. Baadaye ikaonekana takwimu za darubini ya ALMA zilikuwa na kasoro katika kusawazisha vipimo, kiwango kikashushwa sana, na mabishano hayajaisha. Waliosikia tangazo la kwanza ni wengi. Waliosikia marekebisho ni wangapi? Hata K2-18b, waliochambua upya takwimu zilezile wamesema hawaoni ushahidi wa kutosha wa gesi ile. Redio iliyomfurahisha baba yangu haikurudi kusema. Hilo ndilo linaloniuma.

Dawati Moja
Hapo umenibana, na nakubali. Mimi mwenyewe fosfini niliiandika, marekebisho sikuyaandika. Si kwa makusudi, wiki hiyo nilikuwa kwenye nzige. Lakini usiniambie ninyamaze siku ya kwanza. Ile ni sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, chombo cha anga Voyager 1 kwa mwendo wake ingehitaji zaidi ya miaka milioni mbili kuifikia, na mtu amenusa hewa yake kwa kutazama mwanga wa nyota ukipenya pembeni mwake. Hiyo peke yake ni habari, uhai uwepo usiwepo. Nipeni sentensi ya kwanza niiandike. Dimethili salfaidi nimwambie nini mama wa sokoni?

Kisura wa Ngomeni
Mwambie ni sehemu ya ile harufu ya bahari. Maji yakitoka, ukisimama ufukweni unaipata.

Ticha wa Fizikia
Ni kweli gesi hiyo imo katika harufu hiyo. Lakini ukisema harufu ya bahari, kesho watatangaza bahari imepatikana. Na kama chini ya hewa ya haidrojeni ya sayari ile kuna bahari, bado wanabishana.

Dawati Moja
Basi hivi: "Wanasayansi wadhani wamenusa gesi iliyomo katika harufu ya bahari kwenye sayari ya mbali, wao wenyewe wasema hawana hakika bado, wanahitaji saa 16 hadi 24 zaidi za darubini."

Mwana wa Kilosa
Hiyo hata mimi nimeielewa. Ila "wadhani" mhariri wako ataikata.

Dawati Moja
Akiikata nitairudisha.

Fundi Saa
Na Pluto?