Kujitolea upasuaji wa watoto: timu ya wiki mbili, meli ya hospitali, au hospitali ya kwetu?

BintiPangani (Leeds)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni nesi wa chumba cha kuzindukia, upande wa watoto, hapa Leeds. Mwaka wa tisa sasa. Mtoto akitoka mezani ananijia mimi: pumzi, maumivu, kutapika, mpaka afumbue macho amwone mama yake. Nimezaliwa Pangani, na kwa miaka mingi nimetamani kujitolea kwenye upasuaji wa kurekebisha maumbile ya watoto: mdomo sungura, mpasuko wa kaakaa, makovu ya moto yaliyokunja viungo.

Mwakani nina likizo ya wiki tatu. Nikiomba, naweza kuongeza miezi miwili isiyo na mshahara.

Nimebaki na njia tatu. Timu za muda mfupi kama za Operation Smile, ambao kazi yao ilianzia Ufilipino mwaka 1982: unaenda, mnapima watoto, mnapasua siku nne tano mfululizo, mnarudi. Au Mercy Ships, yaani meli ambayo ni hospitali nzima. Au niende hospitali ya nyumbani ambayo tayari inafanya kazi hiyo mwaka mzima, nijiunge nao kama mkono wa ziada tu. Moyo wangu umeelekea meli, nisiwafiche. Ila nataka kusikia kwa waliowahi kwenda na waliowahi kupokea wageni. Nauli najilipia.

Fundi_Bukavu (Toronto)

Dada, mimi si daktari wala nesi, ni fundi wa mashine za hospitali. Nilikaa Africa Mercy, meli ya hao Mercy Ships, bandari ya Toamasina, Madagascar, mwaka 2015. Meli ile zamani ilikuwa inavusha treni kule Denmaki. Leo ina vyumba vya upasuaji, wodi, maabara, eksirei, CT skani, umeme wake na oksijeni yake. Kwa mtu aliyekulia Bukavu, kufanya kazi mahali ambapo hakuna upasuaji unaoahirishwa kwa sababu ya umeme ni jambo la kukutoa machozi. Baadaye wakaongeza Global Mercy, kubwa zaidi, iliyotia nanga Freetown, Sierra Leone, mwaka 2023.

Sasa hesabu. Hakuna mshahara, na wakati wangu nilijilipia chumba na chakula kila mwezi, juu ya nauli. Wapasuaji hukubaliwa hata kwa wiki mbili, lakini manesi mara nyingi huombwa wakae zaidi, kwa hiyo wiki zako tatu peke yake huenda zisitoshe. Faida yake ni kwamba meli hukaa bandari moja miezi mingi. Kidonda kikifumuka mwezi wa pili, mtoto anarudishwa na kuonwa. Kuna hata nyumba ya nchi kavu ambako familia zinalala kabla na baada ya upasuaji. Timu ya wiki mbili haina hilo.

Kiswahili chako lakini kitakaa kabatini. Toamasina mimi nilibebwa na Kifaransa.

UsingiziKwanza (Kanda ya Ziwa)

Karibu sana dada. Mimi ni nesi wa usingizi, hospitali ya mkoa. Nimepokea timu za wageni mara tano. Nitasema ninayoyajua, na nasema kwa heshima, kwa sababu baadhi ya wale watu walinifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo.

Timu ikija, wiki mbili kabla tunatangaza redioni na makanisani na misikitini. Siku ya upimaji foleni inaanza usiku. Kuna familia zimesafiri siku mbili. Halafu wengi wanarudishwa: huyu ana kikohozi, huyu damu ndogo, huyu malaria, huyu uzito haujatosha. Kitaalamu ni sahihi kabisa, mtoto mwenye kikohozi huwezi kumlaza usingizi kwa jambo linaloweza kungoja. Lakini angoje nini, kama timu inaondoka Ijumaa? Hospitali inayofanya kazi hiyo mwaka mzima inamtibu kikohozi na kumwambia mama arudi baada ya mwezi. Mtoto ni yuleyule na kikohozi ni kilekile.

Jambo la pili, ambalo mgeni halioni: wiki hiyo upasuaji wetu wa kawaida unasimama. Mitungi ya oksijeni inaenda huko, manesi wawili wa wodi wanaenda huko. Mwenye ngiri atasubiri.

Na la tatu ni lugha. Hili nakuandikia wewe hasa. Asubuhi moja mtoto wa miezi kumi na moja alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mgeni akauliza kupitia mkalimani: mtoto amekula? Bibi yake akajibu, hajala tangu jana. Ikatafsiriwa, wote wakaitikia kwa kichwa, mtoto aingie. Nikamwendea bibi, nikamwamkia, nikamuuliza: bibi, leo amekunywa nini? Akasema: "Uji tu mwanangu, kikombe kimoja alfajiri, alikuwa analia sana." Bibi hakudanganya. Kwetu uji unanywewa, hauliwi. Lakini kwenye usingizi, maziwa ya mama ni saa nne kabla, maji matupu saa mbili, na uji ni chakula, saa sita. Ukimlaza na uji tumboni unaweza kupanda na kuingia mapafuni. Tulimsogeza mpaka mchana, akapasuliwa, akatoka salama.

Swali lile la "amekunywa nini" hutalipata kwenye fomu yoyote. Wewe unalo mdomoni. Ukilipeleka Freetown halina kazi.

Mama_Neema (Geita)

Nimesoma hapo juu nikashindwa kunyamaza. Mwanangu wa pili alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Samahani, neno mdomo sungura silipendi, maana nililisikia mara ya kwanza wodini likisemwa kwa sauti na watu wamesimama.

Mdomo alifanyiwa akiwa na miezi mitano, na timu ya wageni. Sitasahau. Nilipoitwa kumchukua sikumtambua, nikadhani wamenipa mtoto wa mwenzangu. Mikono yake ilikuwa imefungwa boksi gumu kwenye viwiko asiweze kukunja akajikuna mshono. Mungu awabariki wale watu, sitaki mtu anisikie vibaya.

Timu nyingine ikaja akiwa na mwaka na miezi miwili, wakafunga kaakaa. Wakaondoka Jumamosi. Wiki ya tatu pakatokea tundu, maziwa yakaanza tena kutokea puani. Nikarudi hospitali ile. Nikaambiwa waliomfanyia wameshaondoka, nisubiri wakija tena. Nikauliza wanakuja lini, hakuna aliyejua. Faili lake lilikuwa na karatasi moja, haikuandikwa walichofanya ndani wala uzi waliotumia.

Nilihangaika mwaka mzima mpaka jirani akanitajia hospitali ya CCBRT, Msasani. Basi mpaka Dar na mtoto mgongoni. Upasuaji wenyewe sikulipa, ila nauli na mahali pa kulala vilinimaliza. Wakaziba tundu. Lakini kilichonifungua macho ni mtaalamu wa matamshi. Neema alikuwa akisema "baba" inatoka "mama", kwa sababu hewa yote ilipita puani. Mume wangu alikuwa akiumia kimyakimya. Tumefundishwa mazoezi, tukayafanya nyumbani kila jioni. Alipotimiza miaka minne akaita "baba" ikatoka baba. Mzee alikuwa uani anapasua kuni, akaliacha shoka chini.

Kwa hiyo dada, ukienda popote, uliza kwanza: mtoto akipata shida mwezi ujao, anamwona nani? Wamtaje huyo mtu kwa jina.

MiguuSawa (Nakuru)

Mama Neema, pole na hongera. Mimi ni wa kliniki ya mguu kifundo, yaani mguu wa kuzaliwa uliopinda kuelekea ndani, na nataka kuongeza kwamba si kila ulemavu unafaa safari fupi. Watoto wangu wanatibiwa kwa njia ya Ponseti. Mguu unanyooshwa kidogokidogo kwa plasta, inabadilishwa kila wiki, kwa kawaida wiki tano mpaka nane. Wengi wanahitaji kakato kadogo kwenye kano ya kisigino, halafu viatu vyenye chuma katikati: saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, kisha usiku tu mpaka miaka minne. Timu ya siku kumi itafanya nini hapo? Itaona plasta mbili. Kinachookoa ule mguu ni nesi anayempigia mama simu akikosa kliniki.

Vivyo hivyo kichwa kikubwa na mgongo wazi. CURE, shirika lenye hospitali za watoto wenye ulemavu, walifungua Kijabe, Kenya, mwaka 1998, wakaja Mbale, Uganda, 2001. Ni kule Mbale daktari mpasuaji Benjamin Warf alikokuza njia ya kutibu kichwa kujaa maji bila watoto wote kubaki na mrija wa kutoa maji maisha yao yote. Asingeiona haja hiyo kwa kuja wiki mbili. Aliishi pale, akaona mirija inaziba na mama yuko mbali na barabara ni matope.

Fundi_Bukavu

Nimewasikia wote, na mama Neema amenigusa. Lakini naomba nisimame upande wa pili kidogo. Kuna sehemu hakuna hospitali ya mwaka mzima ya kujiunga nayo. Kwetu mashariki mwa Kongo kuna kijana wa miaka kumi na tano anafunika mdomo kwa shati akipita sokoni. Mkimwambia timu fupi haifai, mnamwambia nini? Asubiri mpasuaji asomeshwe?

UsingiziKwanza

Haki yako kaka, na sipingi. Mdomo peke yake, kwa mtoto mkubwa mwenye afya, timu nzuri ya siku chache inaweza kuufanya vizuri na maisha yakabadilika. Kaakaa ndipo ninapokuwa na wasiwasi.

Halafu kuna aina ya timu fupi ambayo si fupi. AMREF, lile shirika la madaktari wa ndege, ilianzishwa 1957 na wapasuaji watatu waliojua kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wood alikuwa akiishi huku huku, anaruka na ndege kurudi hospitali zilezile za mbali. Mgonjwa aliyepasuliwa safari hii alionwa safari ijayo. Timu ikirudi mahali palepale kila mwaka, na ndani yake yumo mpasuaji wa pale, hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. JKCI, taasisi ya moyo pale Muhimbili, wamepokea timu za moyo za namna hiyo, huku wapasuaji wetu wakishika kisu wenyewe.

Smile Train, walioanza 1999, wao hawatumi kabisa timu za kupasua. Wanalipia hospitali za nchi na kufundisha. Kwa hiyo BintiPangani usiwaandikie wakupe tiketi, andikia hospitali moja kwa moja.

BintiPangani

Nimesoma kila neno, ya mama Neema nimeirudia mara tatu. Shikamoo mama, na asante. Meli nimeiweka pembeni, si kwa ubaya wake. Hilo la uji limenimaliza, maana hapa Leeds nauliza "amekula" mara ishirini kwa siku.

Nakuja nyumbani. UsingiziKwanza, natakiwa kuanzia wapi, na nije na nini?

UsingiziKwanza

Anza miezi sita kabla. Hospitali ndiyo ikualike kwa barua. Unahitaji kibali cha muda kutoka baraza la manesi na wakunga. Cheti chako cha Uingereza hakitoshi, hata kama umezaliwa Pangani. Ukiwa na pasi ya Uingereza, suala la uhamiaji nalo lianze mapema. Usibebe dawa kwenye begi, dawa zinahitaji ruhusa ya TMDA, yaani mamlaka ya dawa, na zilizobakiza mwezi kuisha muda tunazo za kutosha kuzichoma.

Wiki tatu usizitumie zote kumhudumia mgonjwa mwenyewe. Shika manesi wawili wa kwetu, kaa nao kitanda kimoja mpaka wajue kumtambua mtoto anayeanza kukosa hewa kabla midomo haijawa ya bluu. Hatuna chumba cha kuzindukia chenye mtu wake. Mtoto akitoka thieta anapelekwa wodini kwenye nesi mmoja wa wagonjwa thelathini. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Na ukiwa na nafasi kwenye begi: mikanda ya presha ya mikono ya watoto wachanga, na kile kibanio cha kupima oksijeni cha saizi ndogo, cha kufunga mguuni. Tulichonacho ni cha watu wazima, tunakifunga na plasta, kinachomoka mtoto akitikisa mguu.