Notsi nilizotoa bure mtandaoni zinauzwa bila jina langu. Hivi cha mtandaoni kiwe bure kwa kila matumizi?

Mwalimu_Chamwino
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari moja huku Chamwino, na kuna jambo limenikaa rohoni naomba tulijadili. Watoto wetu wanasoma msingi kwa Kiswahili, wakifika sekondari kila kitu Kiingereza, mtoto anakariri tu bila kuelewa, ndo maana nikaanza kuandika notsi zinazoeleza kemia kwa Kiswahili pembeni ya maneno ya Kiingereza atakayokutana nayo kwenye mtihani. Nikatengeneza PDF nikaishea kwenye magrupu ya WhatsApp, yeyote asome na yeyote amtumie mwenzake, sijawahi kudai hata mia.

Sasa juzi mwanafunzi kaja na kitini kanunua steshenari mjini sh. 3,000. Nafungua nakutana na mfano wangu wa zabibu za Hombolo, jinsi sukari inavyochachuka ikatoka ethanoli na kabonidayoksaidi, na mchoro wa chupa yenye mrija unaoingia kwenye maji ya chokaa, ule niliouchora kwa kalamu nikaupiga picha kwa simu, hadi kivuli cha mkono wangu kipo pale kwenye kona. Chini ya kurasa palipokuwa na jina langu pamekatwa, juu kuna jina la mtu mwingine na maandishi HAIRUHUSIWI KUNAKILI.

Hayo maandishi ndo yameniuma kuliko hela. Mimi nimefungua mlango watoto wapite, mtu anakuja anaufunga na kuweka bei. Je, kitu kikishakuwa mtandaoni kiwe huru mtu akifanyie chochote, au bure ina mipaka yake?

Kijana_wa_Makole
Pole sana mwalimu. Ila mimi naona kitu kikishaingia mtandaoni kiwe huru tu. Mimi sina cheti chochote cha kompyuta, nimejifunza yote kwa vitu vya bure, Linux ile programu endeshi ya kompyuta bure, Wikipedia bure, mafunzo ya YouTube bure, na leo nakula kwa hiyo kazi. Kila mtu angeweka masharti yake mtoto wa Mpwapwa ambaye hata bando anaungaunga angepata wapi maarifa? Hata hicho kitini kikiuzwa, elimu si bado inafika.

Picha_za_Kondoa
Mkuu wa Makole hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mimi napiga picha, nishapanda sana vile vilima vya Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006. Nalipa bodaboda, nalipa kiingilio, nangoja jua lipige mwamba vizuri mchoro uonekane, halafu nakuja kuiona picha yangu kwenye tangazo la biashara ya mtu, hakuniuliza, jina hakuna, na nikimpigia ananiambia ameitoa Google. Google haijapiga picha! Mwalimu ana mshahara unaomlisha wakati anatoa notsi bure na Mungu ambariki, mimi picha ndo mshahara wenyewe. Michoro ni ya wote sawa, waliichora wazee wetu zamani sana, lakini picha niliyoipiga mimi ni kazi yangu. Na wakija shule kuniomba nawapa bila hela. Shida ni kuomba tu, watu hawataki kuomba.

Sheria_Udom
Mwalimu shikamoo. Nasoma sheria, ngoja nieleze ninavyoelewa maana hapa wengi wanachanganya mambo.

Kwanza hakimiliki haingoji usajili. Ukiandika au ukipiga picha tayari ni yako, huo ndo msingi wa Mkataba wa Berne wa 1886 ambao Tanzania tuliingia 1994, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 imefuata njia hiyohiyo, ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunakusaidia kwenye ushahidi mkigombana. Kwa hiyo kuweka PDF kwenye grupu sio kwamba umeitupa haki yako.

Pili, sio kila kitu kina mwenyewe. Sheria hiyohiyo inasema mawazo, mbinu, kanuni, data tupu, habari za kila siku, maandishi ya sheria na hukumu za mahakama havina hakimiliki. Yaani jinsi sukari inavyogeuka ethanoli haiwezi kuwa mali ya mwalimu wala ya yule mwenye kitini, mtu akitaka aandike notsi zake mwenyewe kuhusu hilohilo, ruksa. Ila maneno ya mwalimu na mchoro wake ni kazi yake. Na kunakili kwa matumizi yako binafsi, kunukuu kidogo ukataja chanzo, kutoa mfano darasani, sheria imeacha nafasi. Kufuta jina la mtu ukaweka lako ukauza hakumo.

Sasa kaka wa Makole, hivyo vitu vya bure ulivyotaja vyote vina masharti! Linux ipo chini ya leseni ya GPL, ukiibadilisha ukaigawa unatakiwa utoe na msimbo wake (source code) kwa masharti yaleyale ili anayefuata asifungiwe. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya Creative Commons (CC) iitwayo BY-SA, yaani tumia hata kibiashara ila taja chanzo, na ukitengeneza kipya kutokana nayo nacho ukiache huru. Ndo maana wewe ulivikuta bado viko wazi, kuna watu walikaa wakafikiria jinsi ya kuzuia mtu asije akavifungia.

Mwalimu, leseni za Creative Commons zilianza kutolewa 2002 na kuzitumia hulipi chochote, unaandika tu kwenye ukurasa wa kwanza. Chagua BY-NC kama hutaki mtu auze, BY-SA kama huna shida na biashara ila hutaki mtu afungie wengine.

Steshenari_Nkuhungu
Mimi nina steshenari, naomba na sisi mtusikilize. Mtoto akija na PDF kwenye flashi anataka kuprinti nachaji kwa ukurasa, hiyo ni karatasi, wino, umeme na kodi ya fremu, siuzi akili ya mtu. Kukata jina la mwalimu ni wizi na simtetei aliyefanya. Lakini mwalimu ukiandika "isitumike kibiashara" si nitaogopa hata kumprintia mwanafunzi? Na huko vijijini wengi hawana simu, kitini cha karatasi ndo kinafika.

Sheria_Udom
Swali zuri sana mkuu, na limeshawahi kufika mahakamani Marekani. Shirika la Great Minds walitoa vitabu vya hesabu kwa leseni ya BY-NC-SA, yaani isitumike kibiashara, shule zikapeleka kuprinti FedEx Office, Great Minds wakashtaki kwamba duka la kuprinti linapata faida. Mahakama ya rufaa mwaka 2018 ikasema hapana, duka linafanya kazi iliyoagizwa na shule na shule zenyewe hazifanyi biashara. Haitufungi sisi Tanzania ila hoja inaeleweka. Kwako wewe, anayeleta faili lake umprintie ni tofauti na wewe kurundika vitini mezani na bei yako. Mwalimu aongeze sentensi moja tu ya Kiswahili kwamba gharama ya kuprinti inaruhusiwa.

Kijana_wa_Makole
Hiyo ya GPL nilikuwa naipita tu. Basi mwalimu weka BY-SA, kuzuia biashara kabisa utawakosesha wanaoweza kuzifikisha mbali.

Mwalimu_Chamwino
Marahaba mwanangu wa sheria, na asanteni wote. Kwa upande wangu notsi za mwalimu wa umma zibaki bure kusoma, kunakili na kuboresha, kama TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, walivyoweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yao, mtoto anasoma bila kulipia kitabu. Picha za ndugu wa Kondoa sizihesabu humo, yeye ndo wa kuamua. Nachukua BY-SA, kwa sababu kuuzwa naweza kuvumilia, lile neno HAIRUHUSIWI ndo siwezi. Jina langu nitaliweka katikati ya kila mchoro, akilikata amekata na mrija. Na bei ya kuprinti ya haki nitaiandika juu kabisa kwa Kiswahili mzazi aisome.

Mkuu wa Nkuhungu, kurasa 40 nyeusi na nyeupe kwako ni shilingi ngapi? Kidato cha nne wanaingia mtihani Novemba, ningependa niwaelekeze kwako.

Steshenari_Nkuhungu
Kwa wanafunzi wako mwalimu hamsini kwa ukurasa, 2,000 yote na kubana juu. Nitumie faili jipya lenye jina, lile la zamani kuna mtu kaniachia kwenye kompyuta nalifuta.