Watamu iwekewe sheria ya taa za nje, ndio ama la?

MwanaMida
Wadau habari za jioni. Juzi alfajiri nilikuwa napita bichi kwenda kazini nikaona alama za vitoto vya kasa mchangani, zile alama ndogo kama mtu kakokota uzi wenye mafundo, ila badala ya kushuka majini zimepanda juu mpaka chini ya ukuta wa villa moja (sitaitaja) yenye taa tatu nyeupe zimeelekezwa baharini usiku kucha. Nikazifuata. Nikakuta saba. Watano washakauka, wawili bado wanapiga vile vipezi vyao kama makasia, na mmoja wao kaa keshamla jicho.

Kwa asiyejua, kitoto cha kasa kikitoka shimoni usiku kinafuata upande wenye mwanga. Tangu jadi mwanga wa chini usiku ni bahari, inarudisha mwezi na nyota, na nyuma ndio giza la vichaka. Ukiwasha taa juu ya ukuta ni kama umeihamisha bahari. Hata mama kasa mwenyewe akitaka kupanda kutaga akiona mwanga anageuza.

Watamu yetu hii ya pwani ya Kenya ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na watalii tunawaleta kwa jina la kasa. Pendekezo langu kaunti iweke sheria, taa yoyote inayoonekana kutoka ufuoni ifunikwe na iangalie chini, iwe ya rangi ya chungwa sio nyeupe, na za mapambo zizimwe saa nne usiku. Mnaonaje?

BabaVilla
Haya, wameanza. Saa nne?? Mgeni katoka kwao kwenye baridi huko aje hapa alale saa nne kama kuku? Na wenyewe mnasema kwa vitoto elfu anayefika utu uzima ni mmoja, sasa hao saba wako wangekuwa nani. Halafu hiyo "villa moja sitaitaja" na "nilikuwa napita kwenda kazini", kila mtu anajua njia hiyo ina villa ngapi. Ungebisha hodi kama mtu mzima. Mimi nimevunjiwa mara mbili, nikaweka mataa, tangu siku hiyo hata paka hapiti.

Mama Mahamri
Nyinyi mnajadili kuzima na sisi hata hatujawashiwa. Mimi naamka saa tisa usiku kukanda unga, natoka na simu mdomoni ndio tochi yangu, beseni kichwani, mbwa wa watu wananisindikiza. Tuleteeni mulika mwizi kwanza, ile ya mlingoti mrefu kama walivyowekewa wenzetu mijini, tukishaona tunapokanyaga ndio mje na habari za kasa.

MwanaMida
Mama sijasema barabara iwe giza. Nimesema taa zinazoangalia baharini. Soma tena.

Mama Mahamri
Nimesoma mwanangu, nimevaa na miwani.

Fundi Waya
Mimi nimefunga taa hapa kuanzia Mida mpaka Gede kwa hiyo niseme kidogo. Wateja wengi wakija wanataka ile kubwa nyeupe ya sola, wanasema fundi nataka ing'ae. Haya inang'aa, lakini imeinuliwa inaangalia mbele, sasa ukisimama getini inakupiga machoni, mboni inajifunga, kila kilicho nyuma ya taa ama pembeni kwenye kivuli hukioni. Hapo hujamuona mwizi, umeiona taa. Mwizi ye anakuona wewe vizuri sana. Ukiivalisha kofia mwanga ushuke chini unahitaji hata balbu ndogo zaidi maana huangazii mawingu bure.

Na rangi ni kitu kikubwa. Angalieni kwenye boksi pameandikwa namba na K. 6500K ni ile nyeupe ya kibuluu, mwanga wa buluu unatawanyika hewani zaidi, ndio hiyohiyo sababu mbingu ya mchana ni buluu. 3000K ama chini ya hapo inaelekea manjano, haitawanyiki sana na wadudu hawaji wengi. Kwa kasa inatakiwa hata zaidi ya hapo, ile ya chungwa kabisa.

BabaVilla
Kwa hiyo mafundi sasa ndio wanatufundisha usalama. Ulivyonifungia mbona hukusema?

Fundi Waya
Sijawahi kukufungia wewe. Na kama ni mimi nilisema, ukaniambia "fanya kazi nilokuitia".

Mswahili Arizona
Hii kitu sio ndoto jamani. Niko Phoenix, kaskazini huku kuna mji unaitwa Flagstaff, walipiga marufuku zile taa za matangazo zinazomulika angani miaka ya 80 kama sikosei

Fundi Waya
1958. Sababu ni kile kituo cha kuchunguza nyota cha Lowell kiko palepale, ndio waliogundua Pluto 1930.

Mswahili Arizona
Ahsante, 1958. Nilijua ina nane ndani. 2001 wakawa mji wa kwanza duniani kupewa hadhi ya mbingu yenye giza, yaani mji unaolinda giza la usiku. Na sio kijiji, una watu zaidi ya 70,000, chuo kikuu, treni zinapita katikati usiku kucha. Nimelala pale, barabara unaiona vizuri tu, ukiinua kichwa unaona ule ukungu wa nyota umekatiza mbingu. Phoenix nikitoka nje naona ndege na matangazo ya mawakili.

BabaVilla
Rudi basi ukae huku tukuzimie.

Nahodha Mstaafu
Vijana nimewasoma. Zamani tukitoka Mida usiku nyota ndio dira, na wazee walituambia kuhusu Kilimia, lile kundi la nyota, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Leo muulize kijana Kilimia ni nini atakwambia ni chama cha akiba. Taa zimekula mbingu. Hata mwezi hauonekani siku hizi ndio maana tunafunga siku tofauti.

Lakini na wewe MwanaMida usikate tu. Wavuvi wakichelewa, wanapanga taa mbili za hoteli zilingane ndio wanajua wako mlangoni, wapite katikati ya mwamba. Ukizizima saa nne na mtu yuko nje ya mwamba na kusi linavuma, utakwenda kumuokota wewe?

AbuSwafaa
Mzee kwa heshima zote, kufunga siku tofauti umelitupia taa? Taa zina kosa gani. Watu wanafunga tofauti kwa sababu kuna walioshika simu kusubiri Saudia itangaze, na Kadhi Mkuu yuko hapahapa Kenya.

Kijana wa Gede
Mwezi ni mmoja. Ukionekana umeonekana. Kwani Saudia wana mwezi wao?

AbuSwafaa
Mwezi mmoja, upeo sio mmoja. Adhuhuri unaswali kwa jua la Makka?

Kijana wa Gede
Usichanganye swala na mwezi. Hayo maneno tumeyasikia tangu tuko madrasa.

AbuSwafaa
Na bado hayajakuingia.

BabaVilla
Hapa naungana na AbuSwafaa. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilikaa bichi na darubini baada ya magharibi kutafuta mwezi, nikatazama baharini mpaka shingo ikauma, hakuna kitu. Watu wakasema umeonekana. Uongo mtupu.

Fundi Waya
Bichi ya Watamu? Bahari yetu iko mashariki bwana. Mwezi mwandamo unaandama magharibi, nyuma yako, juu ya msitu wa Arabuko. Wewe mwezi wa Kenya ulikuwa unautafuta India.

Mama Mahamri
HAHAHAHA mahamri yameungua

Mswahili Arizona
"Ulikuwa unautafuta India" naweka kwenye status

BabaVilla
Chekeni. Nilizaliwa hapa, mnadhani sijui magharibi ni wapi?

Fundi Waya
Na hata ungegeuka, mwezi mwandamo haufichwi na taa za barabarani. Unaonekana muda mfupi baada ya jua kutua, mbingu yenyewe bado ina mwanga, kinachouficha ni mawingu na miti. Kwa hiyo Nahodha pale nakupinga. Kilimia sawa, kinafichwa na taa. Mwezi hapana.

Nahodha Mstaafu
Nimesema kwa jumla. Siku hizi ukisema neno unapimiwa kwa rula.

Kijana wa Gede
Mbona AbuSwafaa hajajibu la walioona Tanzania na huku tukaambiwa tusubiri? Tanga ni Saudia?

AbuSwafaa
Nimekujibu mara ngapi. Njoo msikitini tukae tuongee, kuandika hapa unajificha nyuma ya jina.

Kijana wa Gede
Na AbuSwafaa ndio jina la kwenye kitambulisho?

MwanaMida
Jamani. Taa. Nahodha ametoa hoja ya maana kuliko wote na hakuna aliyemjibu. Taa za kuongozea vyombo zinaweza kubaki mbili tu, za chini, za chungwa, kila mvuvi azijue. Hazihitaji kuwa za villa zote kumi na mbili zinazowaka kama harusi.

Kijana wa Gede
Taa gani?

mkuu wa Mafia
Wakuu salamu kutoka Tanzania. Huku kwetu watalii wanapandishwa boti mpaka kisiwa cha Juani kuona tu vitoto vya kasa wakitoka shimoni kwenda majini, na wanalipa. Sasa nyie mnao wanakuja wenyewe mpaka getini kwa mtu halafu wanafia hapo. Kuhusu mwezi, mimi simo.

BabaVilla
Zangu ni taa mbili, sio tatu. Semeni ukweli basi.

MwanaMida
Nani amekutaja?

BabaVilla
...

Mama Mahamri
Fundi Waya, hiyo kofia ya taa ukitengeneza kwa bati la debe ni shilingi ngapi? Kuna taa ya jirani inaniingia dirishani mpaka chandarua kinakuwa cheupe, jogoo wangu anawika saa saba usiku, mimi mwenyewe nikishtuka nadhani nimechelewa kukanda.

Fundi Waya
Si wewe ulitaka mulika mwizi mama?

Mama Mahamri
Nataka njiani. Sijasema kitandani.

Fundi Waya
Bati halina bei, kazi ni kupanda ukuta. Lakini siwezi kugusa taa ya mtu, jirani amekubali?

Mama Mahamri
Muulize, si huyo hapo juu anayehesabu mbili. Ya tatu iko upande wa nyuma, ndio yangu hiyo.

BabaVilla
Mama Mahamri ni WEWE? Na mahamri nanunua kwako kila siku?

Mama Mahamri
Na deni la wiki iliyopita pia. Fundi njoo kesho kabla ya saa tatu, ngazi ninayo.